Umekojoa lini mara ya mwisho?

Swali hilo aliniuliza muuguzi wa zamu kwenye zahanati moja ya Temeke, Februari 2013, nikiwa nimelazwa kwenye benchi la wagonjwa, jezi imenigandia mwilini, njumu ya mguu wa kulia sijui imebaki wapi. Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimeletwa kwa mshikaki: mmoja mbele anaendesha bodaboda, mwingine nyuma amenikumbatia nisidondoke, mimi katikati nikiwasihi, kwa jinsi walivyonisimulia baadaye, tugeuze turudi uwanjani kwa sababu kona zote napiga mimi. Mechi ilishakwisha. Muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani imefungwa kamba, akarudia polepole: "Mwanangu, umekojoa lini mara ya mwisho?" Nikajaribu kukumbuka. Mchana hapana. Asubuhi hapana. Jana usiku kabla ya kulala, labda.

Siku ile niliamka saa 10 alfajiri. Nilikuwa deiwaka kwenye daladala ya Mbagala–Kariakoo, konda mwenyewe alikuwa na msiba. Kwa asiyewahi kusimama mlangoni mwa daladala: konda hanywi maji, na si kwa kukosa kiu. Gari halimsubiri konda aende haja. Choo cha stendi unalipia, ukitoka unakuta gari limeshajaa, mpiga debe anadai chake, dereva amenuna, na hesabu ya tajiri iko pale pale. Basi unajifunza kubana. Asubuhi chai kikombe kimoja na chapati mbili, mchana unameza mate. Nilishuka saa 9 alasiri koo limekauka, nikala chipsi mayai na soda moja nikiwa nimesimama, nikakimbilia uwanjani. Mechi ilikuwa saa 10.

Wakazi wa Dar wanaijua Februari. Kaskazi inavuma lakini haipozi. Jasho linatoka na halikauki, linakaa juu ya ngozi kama mafuta ya nazi. Baadaye sana nilikuja kuelewa kwamba mtego uko hapo: jasho halimpozi mtu kwa kutoka, linampoza kwa kukauka. Hewa ikishajaa unyevu, mwili unaendelea kumwaga maji na ubaridi haupati, kama abiria aliyelipa nauli kwenye gari lisiloondoka.

Kipindi cha kwanza nilikuwa moto. Nilicheza winga ya kulia, na mtaani walisema nina mapafu ya mbwa, sifa ambayo kijana wa miaka 20 anaweza kufa akiitetea. Mapumziko tulikaa chini ya mkwaju, Mwalimu akazungumza, tukasukutua mdomo na kutema. Kusukutua, ndiyo. Kumeza ilikuwa mwiko, nitafika huko. Kipindi cha pili shavu la mguu likaanza kuruka lenyewe chini ya soksi kama panya aliyenaswa kwenye gunia. Nikalipigapiga, nikaendelea. Kisha nikaanza kusikia baridi. Baridi, Temeke, Februari, jua bado liko juu! Vinyweleo vimesimama mikono yote. Nikapokea pasi nzuri, nikageuka nayo, nikakata mbio kuelekea golini kwetu. Watazamaji waliangua kicheko. Kipa wetu ndiye aliyeniona macho akajua si mzaha. Zaidi ya hapo nategemea masimulizi ya watu.

Yule mama alinivua jezi, akaloweka khanga kwenye ndoo akaniwekea shingoni na kwapani, akaelekeza feni kwangu. Mimi nilikuwa nasubiri dripu. Mtaani kwetu mtu hajatibiwa mpaka atundikiwe. Nikamuuliza dripu iko wapi, akanijibu: "Mdomo wako umefungwa? Kunywa." Akanikabidhi jagi la plastiki lenye maji ya ORS, ile ile ya watoto wanaoharisha, akasema ninywe funda, nisubiri, ninywe funda. Nilipojaribu kuyagugumia yakarudi yote sakafuni, akanipa deki nipige mwenyewe nikipata nguvu. Saa moja na nusu baadaye nilikwenda chooni. Kilichotoka kilikuwa kidogo, rangi ya chai ya rangi iliyolala jikoni. Mama yule alifurahi kuliko mimi. Aliniambia mwili wangu bado ulikuwa unanivumilia, lakini wapo ambao joto linawapanda mpaka wanapoteza fahamu kabisa, na hao hawatibiwi kwa jagi la plastiki.

Sasa habari ya mwiko. Mwalimu wetu, Mungu ampe umri, alikuwa na sheria kwamba maji ni ya mwisho wa mazoezi. Sababu zake tulizijua kama dua: ukinywa katikati utapata kichomi, maji baridi yanavimbisha bandama, na maji yanalegeza mguu. Chini ya mkwaju kulikuwa na ndoo moja nyekundu ya lita 20 na kopo moja lililofungwa kamba. Filimbi ya mwisho ikilia, wakubwa wanakunywa kwanza, halafu wa kati, halafu sisi. Yakitufikia yana nyasi na mchanga, na yamebaki ya kulowesha koo tu. Sikumwona mtu akilalamika. Kuomba maji kabla ya filimbi ilikuwa kama kuomba ruhusa ya kwenda kwa mama.

Sikumlaumu na simlaumu. Alicheza enzi zake akafundishwa hivyo na waliomtangulia, na kichomi hakukitunga: ukigugumia nusu lita halafu ukakimbia, ubavu utakuchoma kweli. Kosa lilikuwa kwenye dawa. Mtu anayechomwa kwa kugugumia anatakiwa anywe kidogo kidogo mapema, siyo asinywe kabisa. Usiku ule alikuja zahanati na machungwa kwenye mfuko, akakaa kando ya benchi muda mrefu akiongea habari za ligi. Juu ya maji hakusema hata neno moja. Ila Jumanne nilipokwenda kuangalia mazoezi nikaikuta ndoo nyekundu haipo chini ya mkwaju. Ilikuwa katikati ya uwanja, pembeni kidogo ya duara, juu ya kiti cha plastiki.

Sijui kama yeye mwenyewe alitambua alichofanya. Ndoo ilipokuwa mtini, kama hatua 100 kutoka tunapochezea, watu walikunywa mara moja. Ilipokaa kwenye kiti pale kati, watu walikunywa mara tatu, mara nne, mtu anapita akifuata mpira uliotoka anachota funda anaendelea. Hakuna aliyehubiriwa. Hakuna aliyepewa somo la figo. Ndoo ilihama, basi. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia vijana hawanywi maji kwa sababu hawana elimu, huwa namuuliza kwanza ndoo yao iko wapi.

Kopo nalo lilikufa kifo chake miaka miwili baadaye. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, na ghafla kila mtu akaliangalia lile kopo la kamba kana kwamba lina meno. Mdomo wa watu 22 kwenye kopo moja, mikono iliyoshika mpira uliopita kwenye mtaro! Tulikuwa tumeishi na hatari hiyo miaka yote tukiogopa bandama. Mwalimu akatangaza kila mtu aje na chupa yake na maji yake, yaliyochemshwa au ya dukani. Wenye hela walinunua, wasio na hela waliokota chupa za lita moja na nusu, wakaosha kwa maji ya moto na sabuni, wakaandika majina kwa kalamu ya kupakia mizigo. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza kila mmoja wetu aliweza kuona kwa macho amekunywa kiasi gani. Kwenye ndoo ya wote hujui chako ni kipi.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kupima, lakini kwa njia nyingine. Mnawajua wale vijana wanaozunguka na mizani, unapanda unalipa mia mbili? Mmoja alikuwa anakaa karibu na uwanja. Jumamosi moja, kabla ya mazoezi, nilipanda nikiwa na bukta tu: kilo 64. Tukafanya mazoezi saa moja na nusu, nikanywa chupa ya nusu lita katikati, nikajifuta jasho, nikarudi: kilo 62.3. Mwenye mzani akacheka, akadhani mzani wake umeharibika, akapanda mwenyewe kuhakikisha. Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Kilo iliyopotea kwenye mazoezi ni karibu lita moja ya maji, mafuta hayayeyuki haraka namna hiyo. Kilo 1.7 jumlisha nusu lita niliyokunywa: jasho langu lilikuwa lita 2.2. Na kilo 1.7 kwa mtu wa kilo 64 ni zaidi ya asilimia 2 ya uzito wake, kiwango ambacho wataalamu wa michezo wanasema uwezo wa kukimbia muda mrefu kwenye joto unaanza kushuka.

Nikamlipia mia mbili kiungo wetu wa kati naye apande. Yeye alipungua robo tatu ya kilo tu, na alikimbia kama mimi. Jezi yangu nyeusi ilipokauka ilikuwa na mistari myeupe ya chumvi kama ramani ya bara fulani. Yake ilikuwa jezi tu. Hilo lilinishangaza kuliko kilo zenyewe. Kumbe yule anayekwambia "kijana wa mazoezi anywe lita tatu" anazungumza na mtu ambaye hajamwona. Wapo wanaotoa nusu lita kwa saa na wapo wanaotoa lita mbili, na hao wawili wanaweza kuwa wanacheza timu moja, wanalala chumba kimoja.

Nikajipangia utaratibu. Nilipopata deiwaka, nilibeba chupa ya nusu lita chini ya kiti cha dereva, funda moja kila tukigeuza gari. Siyo kila kituo, kila tukigeuza. Kibofu kikajizoeza, na dereva akanizoea kwamba huyu Kariakoo lazima ashuke mara moja. Muuguzi alikuwa ameniambia niangalie rangi: ikiwa kama maji ya ndimu uko salama, ikiwa kama chai kuna deni. Ushauri mzuri, lakini umeandikwa kwa ajili ya watu wenye vyoo vyeupe. Kwenye choo cha shimo chenye taa iliyoungua miezi mitatu utaona rangi gani? Mimi nikaamua kuhesabu badala ya kutazama. Kutoka kuamka mpaka muda wa mazoezi niwe nimekwenda walau mara tatu. Nikifika mara moja tu, siku hiyo naanza na chupa kabla sijavaa njumu.

Laiti ningeishia hapo. Mtu aliyeponea kwa kitu hukigeuza dini, na mimi nikawa shehe wa maji. Nilitembea na chupa mkononi, nikawasumbua wenzangu, nikanywa bila kiu ili niwe mfano. Mwaka 2017 tukajiandikisha wanne kwenda Moshi kukimbia nusu marathoni kwenye mbio za Kilimanjaro. Mimi wa mpira, kilomita 21 nilikuwa sijawahi kuziona kwa pamoja. Kwa hofu ya Temeke nikaamka usiku, nikamaliza chupa mbili za lita moja na nusu kabla ya kuanza. Njiani kila meza ya maji nilisimama. Kama kulikuwa na mbili nilichukua mbili. Asubuhi ya Moshi siyo alasiri ya Dar. Kulikuwa na ubaridi, nilikuwa nakimbia polepole, jasho lenyewe dogo. Barabara ikaanza kupanda kuelekea Mweka na tumbo langu likawa linapiga kelele kama dumu lililojazwa nusu. Halafu kichwa. Halafu nikaona pete yangu imebana, vidole vimevimba kama mihogo. Nikatapika kando ya migomba maji meupe, matupu, hayana hata ladha.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho kinachonitia aibu: nilinyoosha mkono kuchukua chupa nyingine. Nilijua dalili zile, kichwa, kichefuchefu, kulegea, nikasema hilo ni joto, ni kiu. Mzee mmoja aliyekuwa anakimbia nyuma yangu, mvi kichwa kizima, akaniuliza: "Kijana, umekunywa ngapi?" Nikamhesabia kwa fahari. Akanishika mkono akaishusha ile chupa chini. "Basi tosha. Tembea. Usiguse tena maji mpaka ukojoe." Akanipa nusu ya karanga zake za chumvi akaendelea zake. Nilitembea karibu nusu ya njia iliyobaki. Shikamoo yangu hakuisubiri.

Niliporudi Dar nilisoma kuhusu jambo hilo kwa wiki nzima. Chumvi ya damu inazimuliwa kwa maji mengi kuliko figo zinavyoweza kutoa, na ubongo unavimba. Kwenye marathoni ya Boston mwaka 2002 watafiti walipima damu za wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 chumvi yao imeshuka chini ya kiwango. Mbio zile zile alifariki mwanadada wa miaka 28, Cynthia Lucero, kwa sababu hiyo hiyo. Alama kubwa waliyoiona ilikuwa rahisi kama mzani wa mia mbili: waliomaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Mtu unakimbia kilomita 42 unaongezeka uzito! Ndiyo maana siku hizi ushauri kwa mkimbiaji wa kawaida umerudi kwenye kitu cha kale kabisa: kunywa ukisikia kiu.

Ushauri huo naukubali, kwa shaka moja. Kiu ni mshauri mwema kwa mtu anayeruhusiwa kumsikiliza. Konda anamsikia asubuhi nzima na anamnyamazisha. Mtoto wa shule aliyekaa darasani saa sita bila bomba anamnyamazisha. Ukizoea kumnyamazisha miaka mingi, naye anajifunza kusema kwa sauti ndogo, na unafika uwanjani ukidhani huna kiu.

Ramadhani ndiyo iliyonifundisha kipimo. Mwaka wa kwanza baada ya Moshi nilijiuliza nitafanyaje, maana kufunga nafunga na mazoezi siachi. Tulihamisha mazoezi ya nguvu usiku baada ya tarawehe, alasiri tukabakiza kugusa mpira tu nusu saa kabla ya magharibi, ili mtu akimaliza akutane na futari. Na kosa la kila mtu lilikuwa moja: kunywa lita mbili kwenye daku kama ngamia anayevuka jangwa. Kabla ya adhuhuri umekwenda chooni mara nne, umebaki pale pale. Mwili hauna pipa la akiba. Kinachokaa ni kile kinachoingia polepole na chakula: tende na funda mbili, uji wa pilipili manga, tikiti, supu yenye chumvi yake, kisha glasi moja kila baada ya muda mpaka kulala. Madafu nayo, ingawa madafu yana sifa nyingi kuliko yanazostahili. Yana potasiamu kwa wingi, lakini chumvi ile anayoipoteza mtu wa jasho jeupe kama mimi ni kidogo mno humo. Dafu na kachori ya chumvi, hapo tunaelewana.

Kuhusu vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu, nitasema kifupi. Vijana wetu waliingia navyo uwanjani kama hirizi. Ni sukari nyingi na kafeini, vinakuamsha, havikujazi. Nisichoweza kukipita kifupi ni vidonge vya maumivu. Kuna tabia ya kumeza viwili kabla ya mechi "ili mguu usisikie". Baadhi ya dawa hizo zinapunguza damu inayokwenda kwenye figo, na mtu aliyekaukiwa maji figo zake tayari zinapata kidogo. Ukijumlisha hayo mawili kila Jumapili kwa miaka, unacheza kamari na kitu ambacho hakina benchi la akiba. Kwenye timu yetu sasa anayemeza anakaa nje, na nimegombana na watu wazima kwa hilo.

Goti lilinistaafisha mwaka 2018. Mwalimu akaniuliza nataka kufanya nini, nikasema maji. Watu walicheka. Wazee wa timu walitaka niwe msaidizi wa kocha, cheo chenye filimbi. Mimi nilikuwa nimeona tayari kwamba kwenye mchezo huu asiyepuliza filimbi ndiye anayeamua mengi. Mwaka huo huo Eliud Kipchoge alivunja rekodi ya dunia Berlin kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 39, na nilichokiangalia mimi kwenye video ile ni Mjerumani mmoja mwenye baiskeli, Claus-Henning Schulke, anayemkabidhi chupa mkononi halafu anarukaruka kwa furaha kana kwamba yeye ndiye aliyekimbia. Anapanda baiskeli anawahi meza inayofuata. Mtu mwenye mapafu kuliko wote duniani, na bado yuko mtu mwingine ambaye kazi yake ni kuhakikisha chupa inakuwepo pale mkono unapofika.

Mwaka uliofuata Taifa Stars wakaenda AFCON Misri, mara ya kwanza tangu 1980. Tulifungwa mechi zote tatu, sitaki kuyakumbusha. Lakini vijana waliona mwamuzi anasimamisha mpira, wachezaji wanakwenda kunywa, wakubwa wa Senegal na Algeria wanakunywa katikati ya mechi bila kuona haya. Jumatatu yake kipa wetu akaniambia, "Bro, na sisi tuwe na ile ya kwao." Miaka sita nahubiri!

Kwenye uwanja wa pili, upande wa ukuta wa shule, wanafanya mazoezi mabinti wa mpira wa pete. Mwalimu wao aliniomba niwawekee maji na wao. Nikaweka ndoo yenye bomba pale pale kwenye mstari, chupa zao, ndimu, chumvi kidogo, kila kitu nilichojifunza. Ndoo ilirudi imejaa. Wiki ya pili imejaa. Nikaanza kuwahubiria, nikawaeleza habari za mzani, wakanisikiliza kwa adabu. Wiki ya tatu nahodha wao, msichana wa kidato cha tatu, akanisubiri wenzake waondoke. "Kaka, tukinywa tutakojoa wapi?"

Nilikaa kimya. Sisi miaka yote tulikuwa tunageukia ukuta wa shule, na sijawahi hata siku moja kuuhesabu ukuta ule kama sehemu ya mazoezi yetu. Wao huanza kubana tangu mchana, maana choo cha shule kinafungwa kengele ikishalia, na wengine wana siku zao. Nikaenda kwa bibi mwenye nyumba ya jirani. "Shikamoo bibi." "Marahaba, nani kafa?" Nikamweleza. Akasikiliza, akaweka masharti: elfu tatu kwa wiki, ndoo mbili za maji kila siku ya mazoezi, wasiingie na viatu vya matope, na yeye apewe kiti cha mbele siku ya mechi. Sharti la mwisho ndilo lililonipa kazi, kwa sababu kiti tulichokuwa nacho kilikuwa cha ndoo nyekundu. Siku ile ndoo yao ilirudi nusu. Sasa hivi nawajazia mara mbili.

Tatizo nililonalo leo ni dogo, lakini linanikosesha usingizi. Chupa zinapotea. Mwanzo niliwashuku watoto wanaookota plastiki za kuuza kwa kilo, nikaanza kuzihifadhi kwenye gunia lenye kufuli. Bado zinapotea, na zinapotea zile zenye mifuniko mizuri tu. Wiki iliyopita nimenunua kumi mpya, nimeandika namba pande mbili. Jumapili nimehesabu nane. Kipa ana biashara ya kuuza asali ya Tabora, na anasema hajui lolote.